Mwongozo wa Kutunza Mafua Mwaka Mzima

Hongera kwako unayesoma haya leso ikiwa mkononi. Watu wa kawaida hupata mafua, wakalala nayo wiki moja, wakapona na kuyasahau. Wewe unayo tangu Pasaka. Yamekuvusha masika, yakakufikisha kipupwe, na kila anayekujulia hali unamjibu lile jibu lako, "Niko salama, ni haya mafua tu." Mali iliyodumu kiasi hicho haiachwi hivi hivi. Siku yoyote anaweza kutokea mwenye kiherehere akakuuliza mbele za watu kama una hakika kwamba hayo ni mafua, na ukianza tu kutafakari jibu, umekwisha. Mwongozo huu umeandikwa ili usifikishwe huko.

Adui yako wa kwanza ni kalenda. Iondoe ukutani. Mafua huletwa na virusi, na aina zake zinapita 200, wenye fujo kuliko wote wakiwa rinovirusi. Virusi hao wana ratiba yao. Ukiambukizwa leo, dalili zinaanza baada ya siku moja hadi tatu, zinapamba moto siku mbili tatu, na kati ya siku ya saba na ya kumi mambo yamekwisha, ingawa kikohozi huweza kubaki nyuma kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu na bado yuko mlangoni. Mzio, ile aleji inayofanana nayo, hauna ratiba hiyo. Unaanza dakika chache baada ya kukutana na kile usichopatana nacho, na unaendelea kadiri mnavyoendelea kukutana, iwe wiki, iwe miaka. Kwa hiyo anayehesabu siku atagundua upesi kwamba mafua ya miezi mitatu hayapo. Ukibanwa, jitetee kwamba huwa yanaisha na kurudi. Utetezi huu si mbaya, hasa kama nyumbani kuna mtoto wa chekechea, kwa sababu watoto wadogo huweza kuugua mafua mara sita, nane, hata zaidi kwa mwaka, na kuyagawa bila choyo. Shida ni kwamba mtu mzima huyapata mara mbili au tatu hivi, na katikati huwa na siku za kupumua. Wewe siku hizo hukumbuki kuwa nazo.

Wala usije ukauliza ni nani mwingine anaumwa. Mafua akianza nayo mmoja, wiki ijayo nyumba nzima inakohoa. Sasa wewe una miezi unapiga chafya kitanda kimoja na mwenzio, naye hajapata hata koo kukwaruza. Mtu mdadisi angelishangaa jambo hilo. Wewe msifu mwenzio kwa kinga nzuri ya mwili, mlale.

Usijikune hadharani. Katika dalili zote muwasho ndio msaliti mkubwa. Pua hutiririka kwa mafua na hutiririka kwa mzio, huziba kwa yote mawili, na chafya zipo huku na huku. Mtu anaweza kukutazama kutwa asijue unaumwa nini. Lakini mafua huuma, mzio huwasha. Mwenye mafua koo humkwaruza akimeza, kichwa kizito, viungo vimechoka. Mwenye mzio hana maumivu ya kusimulia, ila macho yanamwasha na kumtoa machozi, masikio yanamwasha kwa ndani, na kaakaa linamwasha mpaka analikuna kwa ulimi, kwa ule mlio wa kooni unaowafanya abiria wenzako kwenye daladala wageuke. Ukisikia mlio huo unakujia, shuka kituo kinachofuata.

Chafya nazo zihesabu kimoyomoyo. Za mafua huja moja, mbili, zikapumzika. Za mzio huja kwa mkupuo, sita, nane, kumi, hasa asubuhi unapokung'uta shuka. Waliopita madrasa wanakumbuka kwamba mpiga chafya akishamhimidi Mungu huombewa rehema, na kwamba zikizidi tatu wenzake hawalazimiki tena kwa kuwa huyo ana mafua. Ni utaratibu wenye adabu, na kwako ni neema ya ziada: cheti chako cha mafua kinatoka kabla ya chafya ya tano.

Mtoto ndiye asiyejua kuficha. Mwenye mzio husugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mara nyingi kwa siku, hata mstari mwembamba ukajichora kukata pua juu kidogo ya ncha. Msuguo huo madaktari wanauita saluti. Chini ya macho kunakuwa na weusi ilhali hajapigana na mtu. Analala mdomo wazi, anakoroma kwa sauti isiyolingana na umri wake, na darasani anasinzia. Mwalimu atasema ni uvivu, bibi atasema ni minyoo. Waachie uwanja wote wawili.

Kinachofuata ni kutafuta chanzo cha mafua yako, na chanzo hicho kisiwe ndani ya chumba chako. Mtaalamu wa fani hii ni shangazi. Mpigie simu. "Shikamoo shangazi," na kabla hajamaliza "marahaba" atakuwa ameisikia ile sauti ya puani na kutoa hukumu: umelala na feni. Ukikana, basi umeoga usiku. Ukikana na hilo, hali ya hewa imebadilika, na hapo ubishi umekwisha kwa kuwa hali ya hewa hubadilika kila siku. Usimsimulie habari za Salisbury, Uingereza, ambako tangu 1946 hadi 1990 kulikuwa na kituo cha utafiti wa mafua kilichowalaza na kuwalisha bure watu waliojitolea kuambukizwa. Watafiti waliwaogesha baadhi yao maji ya moto, kisha wakawasimamisha kwenye ushoroba wenye upepo wakiwa na nguo mbichi za kuogelea, wakawavika na soksi zilizolowa. Waliopigwa baridi hawakuugua kuliko wenzao. Shangazi atakuuliza kama hao waliojitolea walikuwa na akili timamu, na mimi naona swali lake ni la haki. Tena hajashindwa moja kwa moja: mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwatia watu miguu kwenye maji ya baridi kwa dakika 20, na katika siku zilizofuata wengi zaidi wa hao waliolowekwa walilalamika mafua. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda baridi inawapa nafasi virusi waliokwisha kuingia puani. Bila virusi, baridi haina mafua ya kumpa mtu.

Na feni la shangazi lina kosa jingine kabisa ambalo hakulitaja. Lizime, tazama mapanga yake. Ule unga wa kijivu ulioganda ukingoni ndio unaopuliziwa usoni usiku kucha. Ukishatazama, liwashe tena.

Huenda unajiuliza kwa nini tuhangaike namna hii. Ni kwa sababu mafua yana heshima yake. Ukiwa nayo unapewa pole, unachemshiwa tangawizi na malimau, mkubwa wa kazi anakuambia nenda kapumzike. Yametoka huko nje yakakukuta, huna kosa, na hakuna anachokudai mtu zaidi ya kukaa mbali na watoto wake. Mzio haupewi pole. Mtu akitamka ofisini kwamba ana aleji ya vumbi, wenzake wanatazamana. Vumbi? Huyu aliyekulia Mbagala, akacheza chandimu peku hadi magharibi, leo vumbi limemkataa? Mzio unahesabiwa kuwa maradhi ya watoto wa geti kali. Na ukikubali kwamba unao, lazima ukubali na kazi: kufua, kuanika, kufuta, kuhamisha kapeti ulilonunua kwa mkopo.

Dhana hii ya maradhi ya wenye nazo ina umri mkubwa kuliko geti lolote la Mikocheni. John Bostock, daktari anayetajwa sana kwa kuueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu, alisimama mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1819 akawasomea habari za mgonjwa mmoja ambaye kila Juni, tangu utotoni, aliwashwa macho, akapiga chafya na kubanwa kifua. Mgonjwa huyo alikuwa Bostock mwenyewe. Miaka tisa baadaye, baada ya kuulizia huku na huku, alikuwa amepata wengine 28 tu, na akaandika kwamba wote ni watu wa tabaka la kati au la juu. Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1873 kwamba chanzo ni chavua ya nyasi. Alijijaribia mwenyewe, akarusha hadi tiara ili kunasa chavua angani. Lakini hata yeye alibaki akishangaa kwamba wakulima, watu wanaoshinda ndani ya chavua hiyo, hawaugui. Tangu hapo mwenye mzio amekuwa akishukiwa kudeka. Lakini utitiri wa vumbi, vile vijidudu tutakavyovikuta godoroni, haujawahi kumsoma Bostock. Upo Masaki na upo Tandale, na haumwombi mtu hati ya nyumba.

Turudi kwenye matunzo. Ukifika duka la dawa, muuzaji mwite "dokta", mambo huenda haraka zaidi. Usieleze dalili, agiza. "Dokta, nisaidie zile za rangi mbili." Akitaka kuona karatasi ya daktari, vuka barabara, kuna duka lingine. Ushahidi wako uwe rangi ya kamasi: lilikuwa jeupe, limekuwa la njano, sasa ni la kijani, kwa hiyo ni bakteria, kwa hiyo ni antibayotiki. Kusema kweli rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupambana, na huonekana kwenye mafua ya virusi siku ya tatu au ya nne bila bakteria yeyote kuhusika. Kamasi la mzio ndilo kwa kawaida hubaki jepesi, jeupe kama maji, mwanzo hadi mwisho. Antibayotiki haziui virusi, na katika mzio hakuna hata wa kuuawa. Lakini meza tu vidonge vitatu, vingine uviweke kabatini. Kama yalikuwa mafua ya kweli yataisha kwa ratiba yake, nawe utaapa kwa rangi mbili maisha yako yote. Bakteria waliokuwa wamejikalia mwilini mwako nao watakuwa wamejifunza kuishi na dawa hiyo, na siku utakapoihitaji kwa nimonia utawakuta wamejipanga.

Uwe mwangalifu na Piriton. Kidonge hiki kimo katika mkoba wa kila mama, na watu hukimeza kwa mafua, kwa upele, kwa kukosa usingizi na kwa safari ndefu ya basi. Ni dawa ya mzio. Inazuia histamini, ile kemikali ambayo mwili huimwaga ukikosana na kitu, na ndiyo inayowasha na kutiririsha. Hatari yake kwako ni kwamba inasema ukweli. Ukimeza, na baada ya muda mfupi muwasho na chafya vikakatika kabisa, umejipima mwenyewe bila kukusudia, maana mafua hayaitii dawa hiyo kiasi hicho. Lifunike jambo hilo kwa usingizi. Piriton hulaza vizuri. Ukiamka sema ulihitaji kupumzika tu. Ila usiimeze kisha ukapanda kuendesha bodaboda.

Kama huna nafasi ya kulala, nunua matone ya kuzibua pua. Raha yake huja kwa dakika chache na haielezeki. Ndani ya boksi kuna kikaratasi kinachosema usivuke siku chache, tano hivi. Kitupe. Ukiendelea wiki ya pili na ya tatu pua inazoea, nguvu ya dawa ikiisha inaziba kuliko mwanzo, unaongeza matone, inaziba tena. Hapo umefaulu kupata ugonjwa wa tatu ambao si mafua wala mzio, na umeulipia.

Kisha piga nyungu. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, malimau yaliyokatwa, sufuria imetoka motoni sasa hivi. Mvuke hulegeza makamasi kwa muda, hilo silikatai. Nimewahi kutoka ndani ya nyungu nikiwa mtu mpya kwa nusu saa nzima. Watoto wadogo usiwaingize, maji yakimwagika ni balaa kuliko mafua yoyote. Lakini siri ya nyungu yenye mafanikio ni blanketi. Kila nyumba ina blanketi la nyungu. Lilikwenda bwenini na mtoto wa kwanza, likarudi na wa tatu, na halijaonja jua tangu uchaguzi uliopita. Mwenye mzio wa vumbi akijigubika nalo na kuvuta pumzi kwa nguvu dakika kumi, mafua yake yamepata mkataba mpya.

Ningependa tulipite godoro bila kulitazama, lakini ndimo wanamoishi. Utitiri wa vumbi ni vijidudu vyenye urefu wa theluthi moja ya milimita au pungufu, jamaa wa buibui na kupe, na macho matupu hayavioni. Haviumi mtu. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayotudondoka, kinywaji chao ni unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja inawatosha wakanywa na kusaza. Kinachotuwasha hasa ni kinyesi chao. Wamo godoroni, wamo kwenye mto wa usufi uliorithiwa kwa bibi, wamo kwenye sofa, kapeti na pazia zito. Ndiyo maana chafya zako huanza alfajiri na kupungua ukifika kazini. Ndiyo maana pia ulipokwenda kwa mjomba ukalala kwenye mkeka, mafua yalikwisha bila dawa, ukarudi ukisifu upepo wa shamba. Mende nao hufanya kazi hiyo hiyo kwa kinyesi na mabaki ya miili yao, lakini mende angalau unaweza kumwona na kumlaani.

Kwa hiyo usianike godoro juani. Bibi zetu walifanya hivyo, na jua kali kweli huwakausha utitiri wakafa, lakini zama zimebadilika: jirani akiona godoro lako uani atajua mara moja kwamba kuna mtu mle ndani amekojoa kitandani, na kama hamna mtoto, atabaki na mshukiwa mmoja. Shuka na foronya usizifue kwa maji ya moto ya nyuzi 60, ambayo ndiyo huwaua. Sakafu ipige kwa ufagio mkavu, madirisha yamefungwa, vumbi lipande hadi darini kisha litue taratibu wakati wa chakula. Kitambaa kibichi kingelikamata, na hatutaki hivyo.

Walio Nairobi na Arusha wana mshitakiwa wa bure. Ifikapo Oktoba jakaranda huchanua barabara nzima ikawa zambarau juu na chini, chafya zinaanza, kesi imekwisha. Maskini mti. Chavua yake huchukuliwa na nyuki. Ni nzito, inanata, na haipendi kusafiri na upepo. Mara nyingi zaidi mkosaji ni nyasi, zile zilizomea pembeni mwa barabara hiyo hiyo baada ya mvua, zenye maua ambayo hakuna bibi harusi aliyewahi kupiga nayo picha.

Homa usiitanie hata katika mwongozo huu. Mzio haupandishi joto la mwili. Mafua kwa mtu mzima hupandisha kidogo au hayapandishi kabisa. Mwili ukichemka, katika nchi zetu swali la mafua au mzio linasubiri. Kwanza malaria ipimwe, siku hiyo hiyo, na kipimo cha haraka kinapatikana hata zahanati. Mtoto anayehema harakaharaka huku kifua kikibonyea apelekwe usiku huo huo. Kifua kinachopiga filimbi na kikohozi cha usiku kinachojirudia huashiria pumu, ambayo hupenda kufuatana na mzio wa pua, na tangawizi haiiwezi. Na aliyevimba midomo au ulimi, pumzi ikambana, baada ya kula karanga au kamba au kuumwa na nyuki, mbebeni mkimbie naye hospitali.

Hao wengine, yaani nyie mnaotiririka tu, mkijikuta mbele ya daktari bado hamjashindwa. Atauliza yanaanza saa ngapi, mkiwa wapi, nani mwingine anaumwa, yanauma au yanawasha. Kila swali mjibu kwamba ni hali ya hewa. Akisisitiza, atawapeleka kwenye kipimo cha ngozi: matone ya vitu vinavyoshukiwa huwekwa juu ya mkono, ngozi inadungwa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 kile msichopatana nacho kinaacha kinundu kinachowasha. Usiku uliotangulia mezeni Piriton. Inazima majibu, na mtatoka hapo mkiwa na karatasi inayosema hamna mzio wa kitu chochote duniani.

Na kama, pamoja na yote hayo, amekuandikia dawa ya kupulizia puani kila siku, pulizia siku mbili. Dawa hizo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kufikia nguvu zake kamili, kwa hiyo siku ya tatu una haki zote za kutangaza kwamba haifanyi kazi. Iliyobaki kwenye chupa mpelekee jirani. Ana mafua.